Chungu Kikuu cha Karamu ya Kuchangiana

Ifikapo Idi, Krismasi au Mwaka Mpya, familia na majirani wengi hukubaliana kula pamoja kwa kuchangiana vyakula: nyumba hii ilete kachumbari, ile matunda, nyingine vinywaji. Mzigo mzito humwangukia yule aliyepewa chungu kikuu. Kachumbari ikipungua hakuna atakayeuliza. Wali ukipungua, karamu nzima imepungua. Tena chungu hicho ndicho kinacholiwa na kila aliyehudhuria, kwa hiyo kikiharibika hawaugui watu wawili watatu, bali huenda wakaugua karibu wote, wazee na watoto wachanga wakiwa mbele.

Swali la kwanza si chakula kipi ni kitamu, bali ni kina nani watakaokula. Katika mtaa wenye watu wa dini mbalimbali, chakula kikuu chafaa kiwe kile ambacho wengi wanaweza kukigusa bila wasiwasi. Nyama iwe imechinjwa kwa namna inayokubalika na Waislamu waalikwa. Nguruwe isiwe ndani ya chungu cha wote, na wapo Wahindu ambao hawali ng'ombe, pamoja na Wasabato wasiokula samaki asiye na magamba, kama kambare. Aliyedhurika na karanga au kamba hapo awali aulizwe mapema, maana kijiko kimoja chaweza kumtosha kumpeleka hospitali.

Hesabu hufuata. Kilo moja ya mchele mkavu, palipo na vyakula vingine mezani, hutosha watu wazima wanane hivi. Wakiwa vijana waliotoka kucheza mpira, tuseme sita. Kwa watu 40 wenye watoto kati yao, kilo 5 ni kiasi cha kuanzia. Nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa hupungua kwa robo hadi theluthi ya uzito inapoiva, hivyo usipime kwa macho ukiwa buchani. Kilo 4 zilizokatwa vipande vidogo hutosha pilau ya kilo 5 za mchele bila mtu kujiona amepunjwa. Kuku ana shida yake: vipande vyake huhesabika, na kila mtu analitaka paja. Kuku wanne au watano kwa watu 40 ni gharama kubwa, na bado manung'uniko hayatakosekana.

Kwa sababu hiyo, pilau ya ng'ombe ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa umati. Nyama, viungo na wali viko pamoja, hakuna mchuzi wa kumwagika njiani, na mtu mmoja mwenye upawa aweza kupakua kwa haki. Hata hivyo, pilau ya watu wengi si pilau ya nyumbani iliyozidishwa mara nne. Kilo 5 za mchele hujaza zaidi ya lita 15 zikiiva, na sufuria iwe na nafasi ya kugeuzia. Wa chini huungua na wa juu hubaki na kiini. Afadhali sufuria mbili za kilo mbili na nusu kila moja, mchele ukiwa wa aina ile ile na umenunuliwa mahali pamoja, kwani mchele mpya hutaka maji machache kuliko wa zamani. Ukichanganya aina mbili, moja itakuwa bokoboko kabla nyingine haijaiva. Maji yakikauka, punguza moto chini na upalie makaa juu ya kifuniko. Hapo wali hukauka sawasawa. Rangi itoke kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia. Anayetia unga wa rangi usio na maelezo kwenye pakiti ili kuficha kitunguu kibichi anawatilia wageni wake kitu asichokijua.

Biriani ya Zanzibar nayo ina faida ambayo wengi hawaitambui: mchuzi wake hupikwa mbali na wali, hivyo kazi yaweza kugawanywa kati ya nyumba mbili. Wali wa nazi twauogopa kidogo kwa karamu ya mchana kutwa, kwani huchacha haraka kwenye joto. Makande ni nafuu kuliko vyote na humfaa asiyekula nyama, lakini maharage, hasa mekundu, yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu na kuiva kabisa. Maharage yaliyoiva nusu yana sumu ya asili inayoleta kutapika.

Sasa tufike kwenye jambo linaloharibu karamu nyingi: muda kati ya jiko na sahani. Mchele mkavu huweza kuwa na mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa katika uvuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao huacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Vyungu vikubwa vya nyama navyo hupoa polepole katikati, na huko ndani bakteria wengine hustawi bila harufu yoyote ya kuwafichua. Ndiyo maana hatukubaliani na desturi ya kupika usiku, kufunika, na kuacha sufuria jikoni hadi saa sita mchana.

Kanuni ni hizi. Nyama iive hadi joto la ndani lipite nyuzi 70 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto ahakikishe vipande vinene havina wekundu na maji ya kuku ni meupe. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, yaani kifuke mvuke kikipakuliwa. Chakula kilichopoa kisikae nje zaidi ya saa 2, na katika joto la Desemba la pwani tunashauri isizidi saa 1. Ikilazimu kupika siku iliyotangulia, pika mchuzi tu, uugawe katika vyombo vya kina kifupi ili upoe upesi, uweke kwenye jokofu, na asubuhi uuchemshe hadi utokote wote. Wali upikwe siku yenyewe. Kwa usafiri, hotpoti kubwa ni bora. Asiye nayo afunge sufuria kwa kanga na blanketi nzito ndani ya kikapu, wala asiifunue njiani kwa kuonja.

Ununuzi wa mwisho wa mwaka huwa na haraka, na haraka ina wateja wake. Nunua mchele kwa kilo kwenye mizani, si kwa kopo au kisado ambacho kitako chake kimebonyezwa ndani. Angalia kwamba mizani inaanzia sifuri na ina stika ya uhakiki ya mwaka husika. Nyama itoke kwenye bucha inayoweza kuonyesha muhuri wa mkaguzi. Bizari, hiliki na mdalasini ununue nzima usage mwenyewe, kwani ni rahisi kuchanganya kitu kingine ndani ya unga uliokwisha kusagwa. Omba risiti, hata kama foleni nyuma yako inaguna.

Penye karamu, pakua kidogo kidogo kwenye sinia na kuacha sufuria imefunikwa. Upawa wa nyama usitumike kwenye kachumbari. Mabaki yaliyokaa mezani tangu saa saba hadi jioni yasigawiwe kwa kubebwa nyumbani, ingawa tunajua ni vigumu kumkatalia bibi aliyekuja na bakuli lake. Mpakulie yeye mapema, wali ungali unafuka mvuke. Ukoko una wenyewe, na kwa hilo hatuna ushauri. Kabla hujatoka nyumbani, andika jina lako kwenye plasta na uibandike kwenye mfuniko na kwenye mpini wa sufuria.