Kwanza isimame: mwaka mmoja na motokari ya spoti ya baba

Kila asubuhi, wakati jua linatoka na makamyon ya madini hayajajaza njia, motokari moja fupi na nyekundu inatoka Kipushi kwenda Lubumbashi. Watoto wanaipigia mikono. Polisi wa rulaji wanaisimamisha, si juu ya kosa, lakini wapate kuuliza: «Hii ni ya mwaka gani?» Sisi ndio wenye hiyo motokari. Ni Karmann Ghia ya mwanzo wa mwaka 1966.

Marafiki wanaofanya kazi ku migodi wanatuuliza neno moja kila mara: mtu anaweza kweli kutumikisha motokari ya spoti ya zamani kila siku, ao ni kitu cha kufunika na bashi na kuangalia siku ya Mungu? Tumejaribu mwaka mzima. Haya ndiyo tuliyoyaona, pamoja na kosa letu, kwa sababu kosa lile lilikuwa karibu kutuletea kilio.

Motokari chini ya muembe

Baba alikuwa mtu wa chini, ku mugodi wa Kipushi. Mu mwaka 1974 mzungu mmoja aliyekuwa anarudia Bulaya alimuuzisha motokari hii, na baba akailipa mwezi kwa mwezi. Majirani wa kambi walimcheka: «Weye uko na batoto sita, unauza motokari ya batu babili?» Baba hakuwajibu. Kila siku ya Mungu, kisha misa, aliiosha, akafungua nyuma, akasikiliza moteri.

Mu mwaka 1993 mugodi wa Kipushi ulisimama. Feza ya esansi haikupatikana tena. Baba akaipandisha motokari ku matofali chini ya muembe, akaifunika. Ilikaa pale mpaka yeye mwenyewe alipotuacha.

Kisha kilio, mnunuzi mmoja akafika. Alisema kwamba Bulaya watu wanazitafuta motokari za namna hii, na alikuwa na dola mkononi. Tukakaa kikao cha jamaa. Yaya wetu wa kwanza, mwenye kukaa Kolwezi, alitaka tuuzishe na kugawanya, kwa sababu mtoto wake alikuwa anaingia universite na minerval ilikuwa nzito. Wengine tulinyamaza. Mama ndiye aliyesema:

«Muiuzishe, sina na neno. Lakini mbele ya kuiuzisha, inipeleke ku Lubumbashi mwaka moya muzima. Kama inasimama mu njia kila siku, basi ni chuma tu, muuzishe chuma. Kama inatumika, mufikiri tena.»

Mama alikuwa na sababu. Kila wiki anakwenda Lubumbashi kupimisha tansio. Mdogo wetu wa kike anafanya kazi kule, na kila asubuhi alikuwa anasimama njiani akingojea taksi-bisi iliyojaa. Basi ile kazi ilikuwepo. Tulikosa tu kujua kama motokari ingeiweza.

Uso wa spoti, moyo wa Coccinelle

Hapa tueleze kidogo, maana watu wengi wakiiona wanafikiri ni moteri kali. Hapana. Karmann Ghia ilianza kutengenezwa mu mwaka 1955 na ikamalizika mu 1974. Sura yake ilichorwa na nyumba ya Ghia ya mji wa Turin, Italia. Mwili ulitengenezwa na Karmann ku Osnabrück, Ujerumani. Lakini chini yake kuna Volkswagen tu, ile Coccinelle ambayo wazee wetu waliiendesha. Yetu iko na moteri ya 1300, nguvu za farasi 40. Hata ilipokuwa mpya, mbio yake yote ilikuwa karibu kilomita 130 kwa saa. Leo Toyota ndogo ya kutoka Japani inaipita bila kujisumbua.

Neno hili, ambalo wengine wanalichekea, ndilo lililotuokoa. Kwanza, moteri inapozwa na upepo. Hakuna radiatere, hakuna maji ya kuchemka, hakuna bomba la maji la kupasuka. Pili, piesi za moteri ni zile za Coccinelle, na Coccinelle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani. Mexico walizitengeneza mpaka mwaka 2003. Kwa hiyo buzi, mkanda, plantine, pompu ya esansi, vyote vinapatikana, kama si Lubumbashi, basi kwa kuagiza. Tatu, mekanisie mzee yeyote wa huku anaijua ile moteri kama anavyojua mfuko wake.

Lakini mwili si vile. Karmann Ghia zote pamoja zinapita 440,000 kidogo tu, na mwili wake si wa Coccinelle. Mbele, pale kwenye pua, vipande vya bati viliunganishwa kwa moto na kulainishwa kwa mkono, hata huoni mahali vinapokutana. Ukiigonga pale, huwezi kufungua bulo nne na kutia bati mpya. Kila kitu ni cha kukata na kuchomelea. Na kutu inapenda pale pale, pamoja na chini ya milango na sakafu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unatafuta motokari ya spoti ya zamani ya kutumikisha, usiangalie moteri kwanza. Moteri unaweza kuinunua. Lala chini, angalia bati.

Kosa letu

Tulipoishusha ku matofali, tulikuwa na feza kidogo. Tulifanya nini? Tukapaka rangi. Tukang'arisha bamperi. Tukashona viti. Siku ilipotoka, kartie nzima ilikuja kuangalia, na sisi tukajiona watu. Moteri ilitiwa mafuta mapya, karbiratere ikaoshwa, pine mpya nne. Freni? Tulikanyaga, ikashika. Tukasema iko sawa.

Mwezi wa pili wa jaribio, wakati wa mvua, tulikuwa tunaingia Lubumbashi. Mmoja wetu alikuwa anaendesha, mdogo wetu wa kike pembeni yake, na watoto wake wawili nyuma, kwenye kile kiti kidogo ambacho ni kama kiti cha kuwekea mfuko. Mbele yetu kamyon ikasimama. Tukakanyaga freni, na pedali ikaenda mpaka chini, bila nguvu, sawa vile mtu anakanyaga ndani ya maji.

Mungu alisaidia, na freni ya mkono pia. Ile inavuta magurudumu ya nyuma kwa kamba ya chuma, haitumii mafuta. Tukaivuta, tukarudisha vitesi ku ya pili, tukageuza volan kuelekea majani. Motokari ikasimama ndani ya mfereji, karibu kabisa na kamyon. Watoto walilia, lakini hakuna aliyeumia.

Tulipoifungua tulikuta bomba moja dogo la kauchu, la gurudumu la mbele, limepasuka. Lilikuwa la zamani, labda la siku za mzungu. Na hapa kuna neno ambalo kila mwenye motokari ya miaka ile anapaswa kulijua: freni yake iko na njia moja tu ya mafuta. Motokari za leo ziko na njia mbili. Moja ikipasuka, ingine inabaki. Ku yetu, bomba moja likipasuka, freni zote nne zinakufa pamoja.

Jioni tulimweleza mama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: «Mulianza na rangi?» Kisha akanyamaza, akatazama watoto waliokuwa wanakula. Akasema tena: «Baba yenu, miaka yote, hakuingia kazi bila kugonga jiwe.»

Wenye kazi ya chini wanajua maana yake. Mbele ya kuanza, unachukua fimbo ya chuma, unagonga jiwe la juu, unasikiliza. Likilia vizuri, unaingia. Likitoa sauti ya utupu, unaliangusha kwanza, hata kama patron anakusukuma. Baba alikuwa anafungua moteri kila siku ya Mungu, na sisi tulifikiri ni mapenzi tu. Kumbe alikuwa anagonga jiwe.

Tulisimamisha motokari wiki tatu. Tukabadilisha mabomba yote ya freni, pompu kubwa, silinda ndogo za magurudumu na mafuta yake. Mdogo wetu akarudia kungojea taksi-bisi. Kazi ile haikuonekana kwa macho. Hakuna jirani aliyekuja kuangalia bomba jipya. Lakini tangu ile siku tuna sheria moja tuliyoiandika ku ukurasa wa kwanza wa kaye: kwanza isimame, kisha itembee, kisha ipendeze.

Kazi ya asubuhi

Kaye ile ndiyo mekanisie wetu wa kwanza. Kila kitu kinaandikwa: kilomita, esansi, mafuta, kilicholia, kilichovunjika. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 60, na inakula karibu litre 5 za esansi kwa siku.

Asubuhi, mbele ya kuwasha, tunafanya haya. Kukanyaga freni mara tatu, na kuangalia chini kama kuna mafuta yaliyotoka. Kuangalia mafuta ya moteri. Inabeba litre mbili na nusu tu, kwa hiyo ikipungua nusu litre ni shida. Kuangalia mkanda. Mkanda huu ni uhai wa moteri, kwa sababu ndio unaozungusha feni ya upepo. Ukikatika, taa nyekundu ya dinamo inawaka mbele yako. Usiseme «nitafika kwanza nyumbani». Simama pale pale, maana upepo umekwisha na moteri itajipika. Sisi tunabeba mkanda mwingine, funguo ya 21 na turunevisi. Kwa mtu aliyezoea, ni kazi fupi ya pembeni mwa njia.

Kila kilomita 5,000 tunamwaga mafuta na kuosha kile chujio cha waya chini ya moteri, kwa sababu haina filtre ya karatasi kama motokari za leo. Tunapima pia nafasi ya valvu, moteri ikiwa baridi kabisa. Na vumbi la huku linaomba kazi ingine: filtre ya hewa iko na mafuta ndani yake ya kushika vumbi. Wakati wa kiangazi tunaifungua kila wiki mbili, tunatoa tope, tunatia mafuta mapya. Mtu akisahau hiyo, moteri inakula mchanga.

Mu mwaka ule motokari ilisimama njiani mara 11. Mara nne ilikuwa mkanda ao plantine. Mara tatu ilikuwa esansi chafu, tuliyonunua ku ba Kadhafi mu machupa. Tukajifunza kutia filtre ndogo ku bomba la esansi. Mara mbili pine, mara moja batri, na mara moja ile freni. Ukitoa freni, mara zote tulijitengenezea wenyewe, tukaendelea.

Pale isipoweza

Hatutaki kumdanganya mtu. Kuna siku motokari hii haitoki. Umeme wake ni wa volti 6, na taa zake usiku ni kama mishumaa mbele ya makamyon yale. Modeli za 1967 zilitiwa volti 12 na freni za diski mbele. Kama unachagua, chagua zile. Sisi hatutembei usiku. Mvua kubwa ikinyesha, tunaiacha nyumbani, maana maji yakiingia ku freni hizi za ngoma, zinachelewa kushika. Na watoto hawakai tena nyuma. Hakuna mkanda wa kuwafunga, na tulishaona.

Tena, saa. Mtu anayefanya kazi kwa zamu, leo mchana kesho usiku, asijidanganye. Motokari ya zamani haiombi feza nyingi kila siku, lakini inaomba saa zako za kupumzika. Kama huna nafasi ya kulala chini yake siku moja kwa wiki, nunua ile ya Japani.

Lakini tumeona pia neno ambalo hatukulitazamia. Miaka ile chini ya muembe iliiharibu kuliko mwaka huu wa kazi. Kauchu inakauka ikikaa, esansi inaoza ndani ya karbiratere, freni zinashikana. Ilipoanza kutembea kila siku, kila mwezi ilikuwa na kilio kidogo kuliko mwezi uliopita.

Kikao cha pili

Mwaka ulipotimia tulikaa tena. Kaye ilisomwa yote, hata ukurasa wa freni. Yaya wetu wa Kolwezi alisikiliza mpaka mwisho. Hakufurahi, tuseme ukweli. Alisema: «Kaye ni nzuri, lakini mutoto wangu hasomi na kaye.» Alikuwa na haki. Motokari ilikuwa ya wote sita, na sisi tuliokaa Kipushi ndio tuliokuwa tunaitumia.

Kwa hiyo tukakubaliana: motokari haiuzishwi, lakini yaya analipwa sehemu yake, mwezi kwa mwezi, kama vile baba alivyomlipa mzungu. Mdogo wetu wa kike anatoa ile feza aliyokuwa anawapa taksi-bisi, na sisi wengine tunaongeza. Tumebakiza miezi mingi. Mwezi tukichelewa, yaya anapiga simu, na hatumkasirikii.

Ndugu mwenye motokari ya baba chini ya bashi, usiharakishe kuiuzisha, wala usiharakishe kuipaka rangi. Lala chini yake na taa. Gonga, sikiliza. Kisha kaa na jamaa yako, muulizane nani ataitumia na nani atalipa. Kesho ni siku ya tansio. Mama ameshatoa kiti chake nje, anangojea, na mmoja wetu anakanyaga freni mara tatu.