Mafuta ya Kupima Hayana Pa Kuandikwa

Katika duka moja la rejareja Endasak, chini ya Mlima Hanang, niliona simu janja imelazwa juu ya daftari. Simu ilikuwa na programu ya kutunza hesabu za mauzo. Lakini lililokuwa likiandikwa ni daftari.

Nilipouliza kulikoni, mama muuzaji hakunieleza, alinionyesha. Mtoto alikuwa amekuja na chupa tupu, katumwa mafuta ya shilingi mia tano. Mama akafungua programu. Ikamtaka achague: ndoo ya lita 20 au chupa ya lita 1. Mafuta ya kupima hayakuwemo. Akaiweka simu pembeni, akaandika "mafuta 500" kwa kalamu, akampimia mtoto.

Mikopo nayo ilikuwa na kisa chake. Hapa mteja husema, "Nikiuza maharage nakulipa," na wote wawili wameelewana. Programu inadai tarehe. Mama aliwahi kubahatisha tarehe. Siku ilipofika, mteja wake wa miaka mingi akatumiwa ujumbe wa kudaiwa, maharage yakiwa bado shambani. Ilibidi amfuate nyumbani kuomba radhi.

Usiseme mama huyu ameshindwa na teknolojia. Ukutani amebandika namba ya kulipia, na pesa za simu anazipokea mchana kutwa kwa kitochi chenye kioo kilichopasuka. Mkono ni uleule. Kilichotofautiana ni kama aliyetengeneza chombo alimfikiria anayekishika.

Tazama menyu ile ya M-Pesa, *150*00#. Haihitaji bando wala simu janja. Hupita katika njia ileile ambayo simu na mnara huitumia kupeana ishara, na kila ukurasa wake haubebi zaidi ya herufi 182. Ufinyu huo umewalazimisha watengenezaji kuandika kwa ufupi, na huku kwetu wameandika Kiswahili: Tuma Pesa, Toa Pesa, Angalia Salio. Kisha kuna hatua ninayoiheshimu kuliko zote: kabla pesa haijaondoka, unaonyeshwa jina la anayepokea. Namba ya simu ina tarakimu kumi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili hushika kwa mara moja vitu kama saba hivi, kwa hiyo kumi kuziandika bila kuteleza ni kazi, hasa dukani penye kelele. Jina halikutaki ukumbuke kitu. Unalitambua tu, na kutambua ni kwepesi kuliko kukumbuka.

Utaratibu huo wa kumfuata mtumiaji una historia katika ukanda wetu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipie mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wabunifu hawakuwakaripia, waliona hiyo ndiyo haja yenyewe, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Wataalamu huita jambo hili uzoefu wa mtumiaji, jina lililoenezwa na Don Norman alipokuwa katika kampuni ya Apple miaka ya 1990. Wafanyabiashara wengi hudhani ni urembo wa rangi na picha. Mimi naona ni hesabu ya fedha. Mwenye duka amelipia programu, amenunua simu, na bado hajui mafuta yamebaki lita ngapi, kwa sababu mauzo madogo, yanayokuja mara nyingi kuliko mengine, hayaingii humo. Hapo hata ripoti ya mwezi itakayotoka itakuwa ya uongo, na mzigo utaagizwa kwa kuufuata uongo huo.

Nilimuuliza mama angependa kibadilishwe nini. Hakufikiri sana. Alitaka kitufe cha mafuta ya kupima, kingine cha sukari ya robo, na mahali pa tarehe aweze kuandika "akivuna."