Mtu Mzima Juu ya Baiskeli

Waswahili tuna msemo mkali wa kumtahayarisha aliyeota mvi na bado anafanya mambo ya kitoto: mtu mzima ovyo. Asubuhi moja mjini Lumakanda, katika kaunti ya Kakamega, mtu mzima huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na umri wa miaka 49, miguu ya suruali nimeifunga kwa kamba, na baiskeli imenilalia juu mtaroni. Watoto waliokuwa wakienda shule walisimama, wakatazamana, kisha mmoja akasema kwa adabu zote: "Pole, babu."

Ndugu msomaji, goti lilipona baada ya wiki moja. Lile neno "babu" lilikawia zaidi.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kazi ya ualimu ndiyo iliyonifikisha Lumakanda. Ni mji mdogo wa Lugari, karibu na barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye na Malaba. Zamani nchi hii ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba yakakatwa na kugawiwa wananchi, na leo ukitazama huku na huku ni mahindi matupu. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sisi tuliozaliwa penye mawimbi huhema tukipanda kilima kidogo tu.

Watu wa pwani hawakuanza leo kufika pande hizi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waislamu iliingia mpaka nchi ya Wawanga, ambako leo ni Mumias, nao walikuja kwa miguu. Mimi nilikuja kwa basi, na tangu siku hiyo sikutembea tena. Nikienda sokoni, pikipiki. Nikienda shuleni, pikipiki. Nikirudi nyumbani, kiti, chai na mahamri.

KAKA YANGU

Aliyenitoa kwenye kiti hicho ni kaka yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa bwana wa baraza, mcheshi, mla vizuri, mtu wa kupendwa na mtaa mzima. Kutoka nyumbani kwake hadi msikitini ni hatua chache, na huo ndio mwendo aliokuwa akitembea kwa siku. Alipokuwa na miaka 52 alipata kiharusi, na hakumaliza wiki. Tulipokwisha kuzika, nikahesabu: baina ya umri wake na wangu ilibaki miaka mitatu.

Niliporudi Lumakanda nilikwenda kupimwa. Presha ilikuwa juu, na sukari ilikuwa mlangoni inabisha hodi. Daktari akaniuliza, "Mwalimu, mara ya mwisho kutokwa na jasho kwa kazi ilikuwa lini?" Sikuwa na jibu. Alipokwisha kunipa dawa aliniambia pia nitafute zoezi ninaloliweza. Mpira siuwezi, kukimbia magoti hayataki. Nikanunua baiskeli kuukuu, nyeusi, nzito, zile ambazo Wakenya huziita Black Mamba.

Sikumwambia mtu. Hapo ndipo nilipokosea, kwani mke wangu aliona mambo matatu kwa mpigo: mume anaondoka kila siku baada ya sala ya alfajiri, amenunua viatu vipya, na tumbo linapungua. Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi akaniwekea chai, akakaa mbele yangu, akasema, "Baba watoto, niambie tu. Umeposa wapi?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka. Nikamshika mkono nikampeleka uani, nikamwonyesha mke mwenza, ameegemea ukuta na mnyororo wake mkavu.

UGONJWA WENYE JINA

Walimu wenzangu walikuwa na maelezo yao. Walisema nimepatwa na ule msukosuko wa umri wa kati, ambao humfanya mwanamume apake nywele rangi, abadilishe gari au atafute mchumba wa rika la binti yake. Jina hilo lina mwenyewe. Lilitokana na makala ya mwaka 1965 ya Elliott Jaques, mtaalamu wa nafsi aliyezaliwa Kanada na kufanya kazi London. Alichunguza maisha ya wasanii wakubwa, akaona kwamba katikati ya thelathini na kitu mtu hutambua kuwa kifo si habari ya wengine tu, na utambuzi huo humtikisa. Baadaye vitabu na sinema za Marekani zikalieneza jina hata likawa la kila mtu. Lakini wataalamu wa huko huko walipowauliza watu wenyewe, waliodai kupatwa na msukosuko huo walikuwa wachache, na wengi wa hao walieleza msiba, talaka, ugonjwa au kufukuzwa kazi. Umri ulisingiziwa.

Sisi Waislamu umri huo hatukuusubiri uje kwetu na jina geni. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, umri wa miaka 40 umetajwa wazi, na pamoja nao dua ya kushukuru neema, ya wazazi na ya kizazi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliteremshiwa wahyi akiwa na umri huo huo. Kwa hiyo arobaini ni wakati wa hesabu: nimepewa nini, nimekifanyia nini, kimebaki nini. Anayeikimbia hesabu hiyo huenda akafanya ya aibu. Anayekaa nayo hupata la kufanya. Na mwili pia ni amana, nao una daftari lake.

Wala mimi si wa kwanza kupanda baiskeli utu uzimani. Leo Tolstoy, yule mwandishi mkubwa wa Urusi, alijifunza mwaka 1895 akiwa na umri wa miaka 67 hivi, muda mfupi baada ya kufiwa na mwanawe mdogo kabisa. Wapo walioona kwamba haimpasi mzee wa hadhi yake. Hakujali.

MZEE WA MAZIWA

Lumakanda ilinicheka kwa sababu nyingine. Pwani tungesema mtu mzima anacheza. Huku baiskeli ni kazi, wala haina umri. Hubeba gunia la mahindi, mitungi ya maji, kuku na mgonjwa. Katika magharibi hii ndimo ilimozaliwa bodaboda, pale mpakani Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria baina ya Kenya na Uganda. Mwaka 2008 serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, pikipiki zikajaa na baiskeli zikasukumwa pembeni. Waliobaki nazo ni wenye haja. Sasa anatokea mwalimu mwenye mshahara anaendesha asubuhi na mapema, hana mzigo, haendi popote!

Aliyenisaidia ni mzee mmoja anayepeleka maziwa mjini kwa baiskeli, mtu wa miaka sitini na zaidi. Alinipita kilimani na madebe yake mawili, akasimama, akanitazama, akasema, "Mwalimu, kiti chako kiko chini mno. Ndiyo maana magoti yanalia." Akatoa spana, akakipandisha. Kisha akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamjibu kwamba siendi, ninatafuta afya. Akafikiri kidogo. "Basi nibebee debe moja," akasema, "tuitafute pamoja."

Tangu siku hiyo nina safari. Watu waliacha kucheka waliponiona na debe.

Nisikufiche, msomaji: dawa ya presha ningali ninameza. Baiskeli haikuifuta siku hata moja ya umri wangu. Lakini ninapanda kilima ninazungumza, na usingizi umerudi. Ukitaka kuanza, nenda ukapimwe kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika 30 kwa siku tano zinatimiza hesabu. Anza penye tambarare. Angalia breki kabla ya kengele. Barabara kuu waachie wenye malori. Na mwambie mkeo mapema!

Mwezi uliopita nilitimiza miaka 52, umri wa kaka. Siku hiyo mtoto wake wa kwanza alinipigia simu kutoka Mombasa. Yeye mwenyewe sasa anakaribia thelathini, na kitambi ameshaanza kukirithi. Alinitania kidogo, akaniita baba mdogo wa mashindano, kisha akanyamaza.

"Baba mdogo," akasema, "hiyo baiskeli ni pesa ngapi?"

Nikamtajia bei. Nikamwambia kesho yake aanzie kwa daktari.