Ukubwa wa Faili: Kuhesabu au Kuuliza?

Mwalimu wa kompyuta akiwapa wanafunzi wake zoezi la kuandika programu ya kutaja ukubwa wa faili, wengi wao hufuata njia moja. Hufungua faili, husoma baiti ya kwanza, huongeza moja katika hesabu, husoma ya pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Programu ikijaribiwa kwa barua ya ukurasa mmoja hutoa jibu papo hapo, na mwanafunzi huridhika. Lakini ikipewa filamu yenye baiti 5,000,000,000, iliyomo katika diski inayosoma baiti 100,000,000 kwa sekunde, jibu halitapatikana kabla ya sekunde 50 kupita. Na katika sekunde hizo zote mfumo wa uendeshaji wa kompyuta hiyo ulikuwa unalijua jibu, nao ungeweza kulitoa kwa kusoma baiti chache tu.

Sababu yake ni nyepesi. Ukubwa wa faili haupimwi kila unapotakiwa, bali umeandikwa. Mtunza ghala aliyepokea magunia 400 ya mahindi haendi kuyahesabu upya kila anapoulizwa. Hufungua daftari lake akasoma. Mfumo wa uendeshaji nao, kila programu inapoandika katika faili, husahihisha daftari lake lililomo katika diski ile ile. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua ukubwa wa faili hana budi kuliuliza daftari, si kuhesabu magunia.

Hata hivyo, madaftari hayo hayakubuniwa na mtu mmoja wala kwa wakati mmoja, na yale yaliyoandikwa ndani yake hayana maana moja kila mahali. Hapo ndipo penye matatizo, na baadhi ya matatizo hayo humpotezea mtu kazi yake.

Madaftari matatu

Katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Maabara ya Bell huko Marekani, kila faili ina fomu yake ndogo iitwayo inodi. Humo huandikwa ukubwa wa faili kwa baiti, mwenye faili, wakati ilipobadilishwa, na mahali data zake zilipo katika diski. Jina la faili halimo katika fomu hiyo. Jina limo katika orodha nyingine, pamoja na namba ya inodi tu.

Mfumo wa CP/M, uliobuniwa na Gary Kildall mwaka 1974 kwa ajili ya kompyuta ndogo, haukuandika idadi ya baiti. Uliandika idadi ya mafungu, na kila fungu lilikuwa na baiti 128. Faili yenye baiti 1,000 ilichukua mafungu 8, yaani baiti 1,024, na daftari halikuweza kusema kwamba zile 24 za mwisho hazikuwa na maana yoyote. Kwa maandishi ya kawaida ilitumika hila: mwisho wa maneno uliwekwa alama yenye namba 26, na programu iliyoikuta alama hiyo ilisimama hapo. Kwa data zisizo maandishi hapakuwa na dawa ya namna hiyo. Kila programu ilijitafutia njia yake.

Ulipotokea mfumo wa MS-DOS mwaka 1981, kasoro hiyo iliondolewa. Kila faili ilipewa mstari wa baiti 32 katika orodha ya diski, na baiti nne za mwisho wa mstari huo zikawa za ukubwa kamili. Mwanafunzi anaweza kuusoma kwa mkono. Baiti hizo zikiwa 16, 39, 0 na 0, ya kwanza ni ya mamoja, ya pili ni ya mia mbili hamsini na sita, na kadhalika. Basi ukubwa ni 16 + (39 × 256), yaani baiti 10,000.

Lakini desturi ya zamani haikufa. Programu nyingi za MS-DOS ziliendelea kuiheshimu alama 26, na hata leo, katika Windows, programu ya lugha ya C ikifungua faili kwa namna ya maandishi, kusoma hukoma alama hiyo inapokutwa. Tena, kila mwisho wa mstari, ambao katika Windows huandikwa kwa baiti mbili, yaani 13 na 10, huhesabiwa kuwa alama moja. Basi ile programu ya mwanafunzi, licha ya uvivu wake, yaweza pia kusema uongo. Ikipewa maandishi ya mistari 200 hutaja ukubwa uliopungua kwa 200. Ikipewa picha, ambayo ndani yake baiti yenye thamani 26 yaweza kuwa popote, husimama njiani na kudhani imefika. Kama kazi yake ni kunakili, nakala itakuwa kipande cha picha, na aliyeifuta ya asili kwa kuiamini nakala hatakuwa na pa kukimbilia.

Namba inapojaa

Baiti nne haziwezi kuandika namba kubwa kuliko 4,294,967,295. Mwaka 1981, diski ya kubebwa mkononi ilipokuwa na nafasi ya baiti laki chache, kikomo hicho kilionekana kuwa cha kupita kiasi. Lakini mpangilio wa FAT32, uliotolewa mwaka 1996, uliendelea na baiti nne zile zile, nao ndio unaotumika katika kadi za kumbukumbu za simu zenye hadi gigabaiti 32 na katika flashi nyingi. Ile filamu ya baiti 5,000,000,000 haiingii katika kadi ya namna hiyo hata kama kadi ni tupu. Wenye simu hudhani kadi imeharibika, kumbe ni nafasi ya kuandikia ukubwa tu iliyokwisha.

Kosa la namna hiyo likiwa ndani ya programu huwa baya zaidi, kwa maana halitoi onyo. Programu inayoweka ukubwa katika namba ya biti 32 yenye alama ya hasi itaiona faili ya baiti 3,000,000,000 kuwa na ukubwa wa −1,294,967,296. Jibu la namna hiyo angalau humshtua mtu. Hatari zaidi ni jibu lenye sura ya ukweli. Katika Windows, agizo la GetFileSize hurudisha nusu ya chini ya ukubwa, na nusu ya juu huwekwa kando, mahali ambapo mtunga programu lazima aiombe. Asiyeiomba, faili yake ya baiti 5,000,000,000 huonekana kuwa na baiti 705,032,704. Programu ya kuhifadhi nakala iliyotungwa hivyo itachukua takriban sehemu moja kati ya saba ya faili, kisha itangaze kuwa kazi imekamilika. Agizo la GetFileSizeEx, linalotoa namba nzima ya biti 64, halina mtego huo.

Wako pia watunga programu wa C wanaopenda njia ya kuruka hadi mwisho wa faili na kuuliza wamefika baiti ya ngapi. Ni njia ya haraka, lakini kanuni rasmi za lugha hiyo za mwaka 1989 hazikuahidi kuwa itafaa kila mahali, kwa kuwa ziliruhusu mfumo kuongeza baiti za sifuri mwishoni mwa faili. Isitoshe, jibu hutolewa katika namba ya aina ya long, ambayo katika Windows ina biti 32 tu, hata katika mashine ya biti 64.

Faili elfu kumi

Kwa faili moja, tofauti ya mwendo kati ya madaftari haya haionekani. Huonekana mtu anapotaka ukubwa wa kila faili katika orodha ndefu. Windows, inapopitia orodha kwa maagizo ya FindFirstFile na FindNextFile, hutoa jina, ukubwa na tarehe kwa pamoja. Mifumo ya ukoo wa Unix, Linux ikiwamo, hutoa jina na namba ya inodi, pengine na aina ya faili. Ukubwa huulizwa peke yake kwa agizo la stat, faili kwa faili.

Diski ikiwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo, maswali hayo ni mepesi. Diski ikiwa mbali, kila swali hupita katika waya na kurudi. Ikiwa safari moja huchukua sehemu 20 za elfu za sekunde, faili 10,000 zitahitaji sekunde 200. Kwa sababu hiyo toleo la 3 la NFS, utaratibu wa kutumia diski za mbali, liliongeza mwaka 1995 agizo la kupokea majina pamoja na habari za faili kwa mkupuo mmoja. Lugha ya Python nayo ilipata agizo la os.scandir mwaka 2015, na kazi ya kuzipitia orodha zote za diski ikawa na mwendo wa mara 8 hadi 9 zaidi katika Windows, na mara 2 hadi 3 katika ukoo wa Unix. Hakuna diski iliyobadilishwa. Programu iliacha tu kuuliza mambo iliyokwisha kuambiwa.

Orodha ya Windows, hata hivyo, hubeba nakala tu ya ukubwa. Faili ikiwa na majina mawili, au ikiwa bado inaandikwa, nakala hiyo yaweza kuwa imepitwa na wakati. Anayetaka uhakika huifungua faili na kuiuliza yenyewe. Kadhalika ukubwa wa faili si nafasi inayotwaliwa katika diski. Katika diski ya FAT32 iliyogawanywa kwa vipande vya baiti 4,096, faili 1,000 zenye baiti 100 kila moja hutwaa baiti 4,096,000, si 100,000.

Mahali pamoja pamebaki ambapo mwanafunzi wa kwanza hushinda. Katika Linux zimo faili zisizokuwa katika diski yoyote, kama /proc/cpuinfo inayoeleza habari za kichakato cha mashine. Mfumo huyatunga maandishi yake pale tu yanaposomwa. Ukiulizwa ukubwa, daftari hujibu sifuri, na anayetaka idadi ya kweli hana njia ila kusoma baiti moja baada ya nyingine mpaka mwisho.