Wino ndio unaoivisha embe la ukutani

Barabara ya Nasser, Kampala, ina sifa ya kadi za harusi, kalenda na mabango ya siasa. Lakini mteja akitaka kikapu cha zabibu cha kutundika juu ya meza ya chakula, hakosi wa kumhudumia. Mchoro huchapwa kwenye turubai, likavutwa na kukazwa juu ya fremu ya mbao. Ukiwa mlangoni utadhani umechorwa kwa mkono.

Kazi nzuri na kazi ya ovyo hufanana siku ya kununua. Kinachozitenganisha ni wino. Upo wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, na upo wenye chembe ndogondogo za rangi zinazoelea ndani yake. Ule wa kwanza huvutia ukiwa mpya, ila mwanga wa jua huvunja molekuli zake upesi. Chembe hustahimili zaidi. Katika chapa dhaifu, mara nyingi nyekundu na njano hutangulia kufifia, bluu ikabaki. Picha ya ziwa inaweza kuponea hapo, hata ikapendeza. Matunda hayaponi: mkazi wa Kampala anayepita Soko la Nakasero anaijua rangi ya embe bivu na ya fenesi lililopasuliwa, wala hamwamini anayemwonyesha ndizi ya kijivu.

Faili nalo lina neno lake. Chapa ya sentimita 90 kwa 60, kwa nukta 150 katika kila inchi, huhitaji pikseli zipatazo 5,300 kwa 3,500. Picha ya kuokota mtandaoni yenye pikseli 1,600 kwa upana hutoa zabibu zenye ukungu.

Na kwa nini kuokota? Jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, hutoa bure picha kubwa za michoro yake, ukiwemo ule wa matunda na maua wa Balthasar van der Ast wa mwaka 1620 hivi, pamoja na wadudu wake. Mchoraji huyo alifariki 1657. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, hivyo kazi yake iko huru.

Mchoraji aliye hai, anayetundika mafenesi yake Nommo Gallery pale Nakasero, ni habari nyingine. Huyo huombwa ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi, na hulipwa kabla turubai halijaingia mashineni.