Nguvu za Mwili Nyumbani (2): Mzigo Usioongezeka Haujengi

Wiki iliyopita tuliona jinsi msuli ulivyoumbwa na kwa nini hupungua umri unapopanda. Leo nageukia swali ambalo huulizwa kabla ya mengine yote: asiye na fedha za jimu wala za kununua vyuma atajijenga kwa kutumia nini?

Msuli hautambui chuma wala plastiki. Unachohisi ni uzito unaoupinga. Vijana wa mitaani wamelijua hili siku nyingi. Humwaga zege kwenye makopo mawili ya rangi, wakayaunganisha kwa bomba, na kazi ikaendelea. Nyumbani kuna kifaa rahisi zaidi ya hicho, nacho ni dumu la lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo unaweza kupanga mzigo wako kwa kipimo sahihi kabisa ukitumia chupa ya lita moja.

Mtu ataniuliza: mbona akina mama wanaochota maji hubeba dumu hilo kila siku, na nguvu zao haziongezeki mwaka hadi mwaka? Ni swali zuri, na somo la leo limo humo humo. Binti anapoanza kubeba kilo 20, mwili wake hutaabika, kisha hujijenga mpaka ukaumudu mzigo ule. Baada ya hapo hauna sababu ya kujijenga zaidi. Dumu ni lile lile na njia ni ile ile. Anachoka, tena sana, lakini kuchoka si kupata nguvu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nawaona watu wengi wakipiga pushapu 20 kila asubuhi kwa miaka, wakishangaa kwamba miili yao imebaki pale pale.

Aliyeliweka jambo hili katika utaratibu wa kitabibu ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa hospitali ya Gardiner mjini Chicago, ambako wanajeshi walioumia magoti walikuwa wakifanyishwa mazoezi mepesi ya kurudiarudia na kupona polepole mno. DeLorme mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma. Akawapa wagonjwa uzito mkubwa kadiri walivyoweza, na kila walipoumudu akauongeza. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na mpaka leo tiba ya viungo duniani kote inafuata kanuni hiyo ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua.

Sasa tuifanyie kazi. Kwa miguu, mimina lita tano kwenye dumu, likumbatie kifuani, chuchumaa taratibu mpaka mapaja yalingane na sakafu, kisha simama. Visigino vibaki chini. Ukiweza mara 12 kwa mikupuo mitatu, bila kuyumba, ongeza lita moja. Maji yasiyojaa hucheza ndani ya dumu na kukulazimisha kujizuia usiyumbe. Hiyo ni faida, ila anayeanza aende pole.

Kwa kifua na mikono, mzigo ni mwili wenyewe, na watafiti wameupima. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Ukipiga magoti inashuka hadi 49. Ukiweka mikono juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60, kama meza fupi, inafika 41. Ukiweka miguu juu ya meza hiyo, inapanda hadi 74. Hiyo ni ngazi kamili isiyohitaji senti moja. Anayeshindwa sakafuni aanzie mezani, na asione haya.

Mgongo ndio husahaulika, kwa kuwa sakafu haina cha kuvuta. Inama kuanzia nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, egemeza mkono mmoja kwenye kiti, na kwa mkono wa pili vuta dumu kutoka chini hadi ubavuni. Mpira wa ndani wa baiskeli ukifungwa kwenye nondo za dirisha zilizo imara unafaa pia, na ukiukunja mara mbili unakuwa mgumu zaidi.

Je, uzito mdogo unaweza kutosha? Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, watafiti walilinganisha waliotumia asilimia 30 ya uzito wa juu wanaoweza kunyanyua na waliotumia asilimia 80. Wote walirudia mpaka wakashindwa, na misuli yao ikakua karibu sawa, ingawa wa mzigo mkubwa waliwazidi kwa nguvu. Kwa hiyo mwenye dumu dogo arudie mpaka abaki na uwezo wa mara moja au mbili tu. Akiishia pale mwili unapoanza kupata joto, amejisumbua bure.

Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya namna hii kwa misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki. Usibane pumzi unaponyanyua, maana shinikizo la damu hupanda ghafla. Toa pumzi wakati wa kusukuma. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au ujauzito amwone daktari kwanza.

Wazee wasijitoe katika habari hii. Mwaka 1990 mjini Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya uzito mkubwa wakazi dhaifu wa nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Katika wiki nane nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa bibi au babu wa nyumbani, kifaa cha kwanza ni kiti kilichoegemezwa ukutani: akae na kusimama bila kushika kitu, mtu akiwa karibu yake. Akifikisha mara kumi, apewe chupa ya maji ya lita moja na nusu aikumbatie, na wiki zinazofuata chupa mbili.

(Itaendelea wiki ijayo: chakula cha msuli, kuanzia dagaa hadi kunde.)