Digrii Mkononi, Kazi Hakuna, Mchumba Anauliza...

Leo nakusimulia kitu ambacho hata mama yangu mzazi sijawahi kumwambia chote.

Mwezi wa saba mwaka 2014 basi lililotoka Singida kwenda Arusha lilisimama stendi ya Babati. Tukalikimbilia kama kawaida yetu, wenye miwa, wenye karanga, na mimi na trei yangu ya mayai ya kuchemsha na kikopo cha kachumbari. Dirisha la tatu kutoka nyuma likafunguliwa. Kichwa kilichotoka nje kilikuwa cha mchumba wangu!

Sasa shida haikuwa mayai. Shida ni kwamba kwa miezi sita nilikuwa nimemwambia nimepata kazi halmashauri, kitengo cha habari. Nilimpa mpaka jina la bosi. Nilimsimulia safari za kikazi, posho zilizochelewa na dada mmoja wa masijala anayenionea wivu. Yote uongo mtupu. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama mdogo kibanda chake cha chakula pale stendi, na mayai ndiyo yalikuwa mshahara wangu.

Akaniangalia. Akauliza, "Bei gani?" Nikajibu, "Mia tatu." Akachukua mawili, akanipa noti ya elfu moja, akasema, "Chenji baki nayo, dada."

Dada! Mimi niliyemvisha saa siku ya mahafali yake. Basi likaondoka na mimi nimeshika shilingi mia nne za watu.

Nimeyakumbuka haya nilipokwenda nyumbani Babati safari hii. Kila niliyekaa naye, kuanzia kwenye vibanda vya chips mpaka kule ufukweni mwa ziwa ambako jioni unasikia viboko wakikoroma, aliniuliza swali lile lile: hivi ukishamaliza chuo, kinafuata nini? Wengi walikuwa na digrii. Na karibu wote, tukishaongea robo saa tu, mazungumzo yalihama kwenye kazi yakaenda kwenye mapenzi. Nikasema hii ni mada ya gazeti letu kabisa.

WAZEE WETU WALIPANGIWA, SISI TUNAPANGA FOLENI

Baba alikuwa akituambia kuwa enzi zao mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kazi na serikali. Wasomi walikuwa wachache na nchi ilikuwa na njaa nao. Hata baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, suala halikuwa utapata kazi au hutapata. Ilikuwa ni kazi kwanza, chuo baadaye. Picha hiyo ndiyo waliyobaki nayo kichwani wakati wanauza ng'ombe kutusomesha. Kwa baba yangu, joho na mshahara vilikuwa kitu kimoja.

Halafu vyuo vikaongezeka. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa 2007, na watoto wa wakulima tukaingia madarasani kwa wingi ambao wazee wetu hawakuuota. Jambo jema sana, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila ofisi hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Babati yenyewe ilipata bahati ya kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, tulipomegwa kutoka Arusha. Zikaja ofisi za mkoa, mabenki, nyumba za wageni. Lakini toa watumishi wa serikali, walimu na mabenki, halafu niambie ni nani mwingine Babati anayeajiri mtu mwenye digrii ya mawasiliano kama mimi? Mji unaishi kwa mpunga wa Magugu, mahindi, alizeti, mbaazi na ng'ombe.

Mwezi mmoja kabla ya lile basi, yaani Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mimi sikuwepo, ila picha za wale vijana waliojaa kwenye viti vya mpira wakiandika mtihani nilizitazama kwenye gazeti alilofungia mteja maandazi. Nililia. Kisha nikachemsha mayai.

"KAZI YA BABA: KUSUBIRI"

Mwalimu huyu (namwita hivyo kwa sababu mtaa mzima unamwita hivyo) alihitimu ualimu mwaka 2015, masomo ya Historia na Kiswahili. Waliomtangulia walikuwa wanapangiwa shule moja kwa moja. Unamaliza, unasikiliza jina lako limeangukia mkoa gani, unafunga begi. Yeye alikuwa ameshanunua begi. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha ajira kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, na dirisha lilipofunguliwa tena waliotangulizwa walikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Wa Historia wakaambiwa wasubiri.

Amesubiri kweli! Amefundisha kwa kujitolea kwenye shule ya kata kwa hela wanayochanga wazazi, amefanya tuisheni, ameendesha bodaboda usiku, na kila msimu analima mpunga wa kukodi Magugu. Wakati huo huo alioa. Mkewe ni muuguzi, alisoma stashahada tu, na ndiye mwenye mshahara unaoingia kila mwezi.

Nilikaa nao sebuleni kwao chini ya Mlima Kwaraa, wakanieleza mambo ambayo wanandoa wengi wangeyaficha. Wakwe wakitaka kuja, mke anamtumia mume hela kwenye simu siku moja kabla, ili wageni wakifika yeye ndiye atoe mfukoni ya soda na nyama. Walianza mchezo huo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Mke akasema, "Mwanzoni nilikuwa namsitiri. Siku hizi nachoka. Sichoki yeye, nachoka kuigiza."

Mume akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kukosa ajira hakujamuumiza kama daftari la mwanawe wa darasa la pili. Walipewa zoezi waandike wazazi wao wanafanya kazi gani. Mtoto akaandika: Mama ni nesi. Kazi ya baba ni kusubiri.

Mwanzoni mwa 2025 alifanya usaili wa ualimu pamoja na wenzake. Waombaji walizidi 200,000 na nafasi zilikuwa 14,648. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilisoma mawasiliano.

ALIYEPANDA MBAAZI KWA AJILI YA MAHARI

Yupo na mshikaji mwingine ambaye hakutaka kabisa habari za kusubiri. Alitoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na digrii ya kilimo, akasema kuajiriwa ni utumwa. Akakodi mashamba upande wa Gallapo, akaweka akiba yake yote na hela ya kaka yake kwenye mbaazi. Miaka ile mbaazi ilikuwa dhahabu, Wahindi walikuwa wanainunua kwa bei ya kumfanya mkulima aote pikipiki. Mahari ilishatajwa, tarehe ya harusi ilishapangwa baada ya mavuno ya 2017.

Agosti mwaka huo India, ambayo ndiyo soko letu kubwa, ikaweka kikomo cha mbaazi zitakazoingia kutoka nje, tani 200,000 kwa mwaka. Bei huku ikaporomoka mpaka wengine wakaacha mazao shambani kwa sababu hela ya vibarua wa kuvuna ilizidi thamani ya gunia. Mshikaji akafulia kinoma. Ukoo wa binti ukasubiri miezi minne, ukachoka, na binti akaolewa Karatu.

Nilitegemea anieleze kwa uchungu. Alicheka! "Dada mhariri, nilisoma wadudu, udongo na mbolea miaka mitatu. Hakuna aliyenifundisha kwamba bei ya shamba langu inapangwa New Delhi." India ilipolegeza masharti mwaka 2021 alikuwa amesharudi shambani, lakini sasa anachanganya na mahindi na alizeti, na anauza pembejeo. Ameoa. Mke wake wa sasa alimpata akiwa hana kitu, na ananiambia hiyo ndiyo tofauti.

Wasichana nao wana yao. Mmoja ana digrii ya uhasibu na kibanda cha uwakala wa pesa karibu na stendi. Amezuia mikono ya wachumba watatu kwenye droo ya mtaji! "Wanaona noti wanadhani ni zangu," alisema, "hawajui kamisheni yangu ni ya nyanya." Kikundi chao kinajaribu ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudishwa 2024. Anasema makaratasi yake ni mengi kuliko ya digrii.

MUULIZE DENI KABLA YA RANGI YA SARE

Hapa naomba niwe shangazi kidogo. Wachumba wengi niliowahoji wanajua ukubwa wa viatu vya wenzao lakini hawajui mwenzake anadaiwa kiasi gani Bodi ya Mikopo. Lile boomu mlilolila pamoja chuoni ni deni! Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Wakiwa wote wawili walikopa, hiyo ni mishahara miwili inayopungua kabla haijafika nyumbani. Afadhali kidogo, mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Lakini deni lenyewe lipo palepale, na haliulizi kama umepata kazi ndani ya mwaka mmoja au kumi. Liongeleeni mapema, kabla ya kamati ya harusi.

Na ukiwa umechacha, sema umechacha. Mimi sikusema.

Mchumba wangu alinipigia usiku wa siku ile ile akiwa Arusha. Hakupiga kelele. Alisema mayai yalikuwa matamu ila kachumbari ilizidi chumvi. Kisha akaniuliza jina halisi la yule dada wa masijala. Nikakaa kimya, maana hakuwahi kuwepo. Tuliendelea wiki tatu hivi, tukaachana. Neno lake la mwisho nalikumbuka vizuri: "Muuza mayai ningemuoa kesho. Ninayemwogopa ni yule wa halmashauri."

Baadaye nilikwenda Dar, nikajitolea miezi kumi na moja kwenye ofisi moja ya habari bila hata nauli, mpaka siku nilipopata kazi hii kwa mlango mwingine kabisa. Ni hadithi ya siku nyingine.

Nilipoaga kwa Mwalimu, mkewe alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Nikamuuliza kama kuna usaili mwingine umetangazwa. "Bado," akasema. "Lakini likikaa bila pasi linaota fangasi." Mwalimu akavaa helmeti, akanipakia kwenye bodaboda mpaka stendi. Akakataa nauli. Nikamwambia hapana, hii ni kazi yako, nikamlipa elfu mbili, naye akanirudishia chenji yote.